Vitabu Vitatu vya Kwenda Mafia

Mbweni, Ijumaa, saa nane mchana

Sekela,

Sianzi kwa salamu. Nina hasira, na mtu mwenye hasira akikuuliza hujambo hasikilizi jibu. Mambo ya nguo, chandarua na dawa za malaria ameshakuambia mama yako, na kama hajakuambia, kesho alfajiri atakuambia mara tatu. Mimi nataka kusema habari ya vile vitabu vitatu ulivyovilaza chini kabisa ya begi lako.

Ningeweza kuja Temeke nikakuambia kwa mdomo. Lakini Jumapili tulizungumza kwa mdomo, na uliona mwenyewe: nilipiga kelele mpaka mama mwenye nyumba akatoka na ungo wake wa mchele, akasimama uani anatusikiliza kama anasikiliza mchezo wa redio. Kwenye karatasi siwezi kupiga kelele. Nikiandika neno baya nalifuta, na kama unavyoona, nimeshafuta mengi. Barua nampa Mama Zawadi, yule anayetupikia wali na maharage hapa kazini. Anakaa Tandika, atapita kwenu jioni.

Kesho unaondoka. Wiki tatu za likizo kisiwani Mafia na Irene na mama yake, wenye nyumba hii tunayoijenga, halafu Mama Irene anawapeleka nyote wawili moja kwa moja shule ya bweni, kidato cha tano. Hutalala tena chini ya bati langu mpaka Desemba, na Desemba utakuja kama mgeni. Kwa hiyo barua niliyo nayo ni hii moja.

Nianze na Mwenge, maana hasira yangu ilianzia pale.

Ulikuja kuniambia Mama Irene amesema kule kisiwani hakuna televisheni na mchana ni mrefu, kwa hiyo kila mtu achukue vitabu vitatu, na kila siku baada ya chakula mmoja atawasimulia wenzake alichosoma. Nilifurahi, usifikiri sikufurahi. Nilisema moyoni, mwanangu anakwenda kupumzika, na kazi atakayopewa ni kusoma. Mimi sijawahi kupumzika mahali popote isipokuwa hospitali. Nikavaa shati langu la Jumapili tukaenda Mwenge, kupita wachonga vinyago, mpaka kwa yule mzee mwenye miwani iliyofungwa uzi, anayetandaza vitabu vya mitumba juu ya turubai.

Kitabu cha kwanza ulichookota kilikuwa cha Kiswahili, hakina jalada, hata jina lake sikulijua. Ulisoma ukurasa wa kwanza umesimama, ukacheka. Ukafunua wa pili. Ukaegemea mguu mmoja, unavyofanya ukisahau kwamba kuna watu. Nikasema, hicho kimoja tumeshapata.

Ukakirudisha. Ukasema, "Nitaonekanaje na hiki, baba?"

Ukaanza kuchagua kwa unene. Nilikuona. Ulikuwa unavishika mgongo kama mama yako anavyoshika samaki sokoni. Ukachukua vitatu vya Kiingereza, vizito, vyenye herufi za dhahabu, na hakuna hata kimoja ulichokifungua. Nilipokuuliza kama utavielewa ukasema utaelewa mbele ya safari. Hata hapo nilikuwa sijakasirika. Nilidhani ni ujana.

Ndipo yule mzee akakuambia, "Sista, nikupe na mwisho wake?" Kumbe ndiyo desturi yake na nyie wanafunzi. Anayenunua kitabu na hana muda wa kukisoma anasimuliwa palepale: huyu anakufa, huyu anaolewa, yule tajiri kumbe ndiye baba yake. Wewe ukachuchumaa ukatoa kalamu. Uliandika kurasa mbili, mwanangu, huku unauliza na majina yanavyotamkwa. Mimi nimesimama juu yako na shati langu la Jumapili, jua linanichoma utosini. Nilisubiri tufike nyumbani ndipo nikazichana zile kurasa mbele ya mama yako nikazitia jikoni chini ya sufuria. Najua umeshaziandika upya. Kichwa chako hakisahau kitu ukikikusudia.

Nilikuambia unakwenda kuwadanganya watu mezani kwao. Ukanijibu taratibu, na laiti ungenijibu kwa kelele: "Baba, si wewe uliyenifundisha?"

Nilikufukuza uani. Sikukufukuza kwa sababu umekosa adabu. Ni kwa sababu ulikuwa unasema kweli.

Unakumbuka kidato cha kwanza. Miaka saba ulisoma kwa Kiswahili ukawa wa kwanza au wa pili, halafu siku moja unaingia darasa jipya na kila mtu anafundisha kwa Kiingereza, hesabu kwa Kiingereza, mimea kwa Kiingereza, hata kukemewa kwa Kiingereza. Wiki ya pili ulirudi nyumbani ukalala bila kula. Ulisema mwalimu anaongea na wewe unamwona mdomo tu. Mimi nilikuwa nimetoka kumwaga zege siku nzima, nimechoka, na nilitaka ulie upesi umalize. Nikakuambia hivi, nakumbuka kila neno: "Usimwonyeshe mtu kwamba hujui. Mwalimu akikutazama, tikisa kichwa. Watakuheshimu."

Ukaacha kulia, ukaosha uso. Na mimi nikajiona baba.

Miaka minne umetikisa kichwa. Umefaulu, sikatai, kwa kukariri usiku na mchana mpaka macho yakawa mekundu. Hujui kwamba mama yako alinisihi niende shule nikamwambie mwalimu huelewi. Nikamjibu, watasema mtoto wa kibarua mzito wa akili. Nilikuwa naogopa watu ambao hata majina yao sikuyajua.

Sasa sikiliza nilikoipata hekima hiyo. Hili hujawahi kulisikia, na unapaswa kulisikia kwangu kabla hujalisikia kwa Irene huko Mafia, maana tangu jana nyumba yao inalijua.

Mimi shule yangu iliishia darasa la nne, kwetu Tukuyu. Kiingereza kilikuwa kinaanza la tano, na mlango huo sikuupita. Kiswahili nasoma vizuri, unajua. Ndiyo maana wenzangu wa kazini, tangu hujaanza sekondari, waliniita Msomi, kwa sababu saa ya chakula nilikuwa nawasomea wenzangu gazeti. Walikuwa wanakaa kwenye matofali na sahani zao wananisikiliza mimi, mtu ninayebeba ndoo kama wao. Sijui kama utaelewa utamu wa jambo hilo. Siku moja mtu akaja na kipande cha gazeti la Kiingereza, kimefungiwa mihogo ya kukaanga, akasema, Msomi, hapa wanasemaje? Ningesema sijui, siku ingepita. Nikakitazama, nikatunga. Wakacheka sana. Tangu siku hiyo wakawa wananiletea vipande, na mimi natunga.

Ilikuwa mchezo mpaka walipoanza kujenga tangi.

Unalijua lile tangi la chini ya ardhi nyuma ya nyumba ya kina Irene, la maji ya mvua, kwa kuwa mabomba bado hayajafika Mbweni. Hiyo ni miaka miwili iliyopita, kabla hujaanza kuniletea nguo safi Jumamosi na kukutana na Irene. Plasta ya lile tangi aliipiga Shomari, fundi wa hapa hapa pwani, kwao Bunju. Mtu mwembamba, mcheshi, mkono wake ukipita ukutani unaweza kujitazama. Tulikuwa tunakula sahani moja.

Zamani vifaa vilikuwa vichache na vya aina moja, kila fundi anajua kwa kichwa hiki kinachanganywaje. Tangu watu waruhusiwe kuleta bidhaa kutoka nje, maduka yamejaa makopo ambayo hakuna aliyeyaona tangu azaliwe. Likaja kopo moja kubwa la dawa ya kuzuia maji. Msimamizi wetu, ambaye amesoma na angeweza kulisoma, alikuwa na haraka ya kwenda mjini. Akanitupia mikononi, akasema, "Msomi, wasomee inavyotumika," akapanda gari.

Wote wananitazama. Shomari ameshika mwiko, anasubiri. Nikatazama kopo. Palikuwa na maandishi mengi madogo na picha ya mkono umeshika brashi. Nikakaa kimya muda ule ambao nadhani mtu husoma, halafu nikasema, "Inapakwa juu ya plasta ikikauka. Kama rangi."

Nilisoma picha, mwanangu. Ile brashi ilikuwa alama ya kiwanda tu. Dawa ilitakiwa ichanganywe ndani ya plasta yenyewe.

Shomari akapaka kama nilivyosema, kwa uangalifu, mara mbili, mara tatu. Mvua za kwanza tangi likajaa. Baada ya siku nne maji yameshuka mpaka magotini, na dawa inabanduka ukutani kama ngozi ya mtu aliyeungua. Msimamizi akaja, akatazama, akasema dawa haikutosha, imetiwa maji. Ufunguo wa stoo alikuwa nao nani? Shomari. Basi Shomari ameuza nusu ya kopo na nusu ameizimua. Hakumuuliza. Alimfukuza mbele yetu wote na mwiko wake mkononi.

Shomari alinitazama. Hakumtazama msimamizi, alinitazama mimi. Nami nikainama nikafunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka.

Hilo ndilo unalotaka kwenda kulifanya Mafia. Utasema ni makubwa mno, wewe unasimulia hadithi tu mezani, hakuna tangi. Hata mimi nilianza na karatasi ya mihogo.

Baada ya neno lako la Jumapili sikulala vizuri. Jumatano nilitoka kazini nikaenda kwa miguu mpaka Bunju. Nilimkuta Shomari nyuma ya nyumba yake anaponda kokoto. Fundi yule, anaponda kokoto. Mkewe, Bi Tatu, aliniwekea maji ya kunywa chini, si mkononi, akaingia ndani.

"Karibu, Msomi," Shomari akasema, na nyundo haikusimama. "Umekuja kutusomea gazeti?"

Nikakaa kwenye mchanga nikamwambia yote. Aliendelea kuponda mpaka nilipomaliza. Halafu akasema, "Nilijua siku ileile."

Nikamuuliza alijuaje.

"Kopo lina maandishi pande zote. Wewe hukuligeuza." Akafuta jasho kwa mkono wa kanzu yake kuukuu. "Upande wa nyuma palikuwa na Kiarabu. Mie herufi zile nimezisoma chuoni, kwenye Kurani, tangu mdogo, lakini maneno yale sikuyajua maana. Nilikuwa nataka kusema, jamani, hiki hatukijui, tumsubiri msimamizi. Ukanitangulia."

"Kwa nini hukunitaja?"

"Ningemwambia nani? Kwamba mie niliyesoma kwa ubao na wino wa masizi nimegundua Msomi hajui kusoma? Wangecheka mpaka wamwage zege."

Kisha akanieleza mambo ambayo nilikuwa najitahidi kutoyajua. Mafundi huko kwao walisikia, na hakuna anayempa ufunguo wa stoo. Kwenye benchi la kinyozi wanamwita Mzee Kopo. Kijiji alichozaliwa, baba yake kazikwa pale, watoto wanampita njiani wanasema shikamoo Mzee Kopo, wanadhani ndilo jina lake. Binti yake alipoolewa mwaka jana, mjomba wa bwana harusi alisimama akasema kwa utani tuhesabu sahani kabla ya kuondoka. Watu walicheka. Shomari akaniambia naye alicheka, maana ungefanyaje.

Nikamwambia, ndugu yangu, nisamehe.

"Usiniombe mie," akasema. "Mie nakujua wewe ni nani. Kawaambie wasiojua."

Nikarudi Mbweni nikiwa namchukia. Nakuambia ukweli. Nilitaka anitukane au anishike mkono, nikalale. Yeye akanipa kazi.

Jana asubuhi Mama Irene alikuja na futi yake kupima madirisha kwa ajili ya mapazia. Nikamfuata nikamwambia ni mimi, si Shomari. Alikaa juu ya mfuko wa saruji na gauni lake safi.

"Baba Sekela, mbona unaniambia leo?"

"Kwa sababu keshokutwa unaondoka na mwanangu," nikasema, "na mwanangu ameshaanza kufanana na mimi."

Si mwanamke mbaya. Usiende kule ukamchukia kwa ajili yangu. Alisema ningesema tu sijui, wangemtafuta mtu wa kutusomea, si jambo kubwa. Si jambo kubwa! Kwake kusema sijui ni sawa na kusema sina kiu. Amelelewa katika nyumba ambayo mtu akisema sijui anafundishwa. Mimi nilikolelewa, na nilikokulea wewe, mtu akisema sijui anaondolewa mstarini. Sikujua, mwanangu, kama namkasirikia yeye au mimi. Kilichoniuma zaidi ni kwamba hakuuliza Shomari yuko wapi. Nilipomtaja akasema yameshapita, tangi limeshatengenezwa. Kuhusu wewe akasema, "Sekela hahusiki. Gari litampitia saa moja kama tulivyosema." Nami nikamshukuru.

Habari ya vitabu vyako sikumwambia. Hiyo ni yako.

Saa ya chakula wenzangu wakaniletea gazeti kama kawaida. Nikalikunja nikasimama. Niliwaambia kopo, picha, brashi, na kwamba Kiingereza sijui hata cha kuombea maji. Halafu Maneno, yule mcheshi wa kwenye mashine ya zege, akauliza, "Kwa hiyo yule ng'ombe wa Ulaya aliyechaguliwa diwani?"

"Nilimtunga."

"Ah, Msomi! Mimi nimewahadithia mpaka wakwe zangu."

Wakacheka, na mimi nilikuwa karibu kucheka nao, kwa sababu kicheko kile kilikuwa kinanirudisha mahali pangu nilipopazoea. Lakini mzee mmoja seremala, ambaye huwa haongei, akaweka sahani chini akasema, "Na Shomari?" Kila mtu akatazama maharage yake. Wote walikuwepo siku ile anafukuzwa, na wote walifunga kamba za viatu.

Msimamizi aliniita leo asubuhi, akaniambia nichukue koleo langu niende. Alisema, "Mtu anayesema ndiyo wakati ni hapana, siku moja ataniangushia ukuta." Nimemkasirikia. Yeye aliyenitupia kopo na kukimbilia garini, yeye aliyemfukuza mtu bila kumuuliza, anasimama hapo na kalamu sikioni akisema kweli. Nimemwambia amwite Shomari arudi kazini. Akasema ataangalia. Unajua maana ya ataangalia.

Basi hiyo ndiyo sababu Ijumaa saa nane mchana nimekaa kwenye benchi la Mama Zawadi naandika. Ameshasoma juu ya bega langu mara mbili. Ameapa hatamwambia mama yako. Simwamini, lakini wewe jitahidi kunyamaza, kesho mchana nitamwambia mwenyewe. Asiyekuwa na kazi ni mimi, na kumwambia mama yako ni juu yangu.

Kesho mchana, nimesema. Gari likikupitia saa moja asubuhi mimi sitakuwepo. Jumamosi asubuhi ndipo benchi la kinyozi kule Bunju linapojaa, wanaume wote wanasubiri kunyolewa, na jina la Kopo linaishi hapo. Nitalala kwa mtu hapa karibu, na kukicha nitakuwa kule. Shomari hajaniita. Hajui kama nakuja, na sijui kama atanitaka. Nimefikiria sana kama nikusindikize wewe kwanza halafu niende kwao wiki ijayo. Kila nikifikiria hivyo nasikia ile sauti yangu ya zamani, ile tamu, inayosema kesho. Utakasirika kwamba baba yako hakuja kukuaga. Kasirika. Una haki, na usinifichie.

Hasira yangu kwako, sasa nimeandika mpaka hapa, naona ni ndogo kuliko nilivyodhani. Ulikuwa unatii. Katika mambo yote niliyokuambia tangu uzaliwe, osha vyombo, rudi mapema, usimjibu mama yako, uliamua kutii lile moja nililolisema nikiwa nimechoka na nataka kulala. Wazazi hatujui ni neno gani mtoto atalichukua. Kama ningejua, siku ile ningekaa chini pale kwenye mkeka nikakuambia, hata mimi sielewi Kiingereza, mama, nimewahi kuulizwa na watu nikatunga, na nina hofu kama wewe. Ungeniona mdogo. Lakini usiku ule tungekuwa wawili wasiojua, na kesho yake wawili wangekwenda kwa mwalimu.

Unaogopa kwamba watakuona huna nafasi pale mezani. Najua. Umepata shati la Irene, umejifunza kushika uma, umeniambia nisije getini na kandambili. Siku ile nilikusikia. Wao wataogelea, watalala mchana, watasoma kwa raha, na wewe utakaa kila siku unahesabu ni lini zamu yako itafika na kama majina yale umeyatamka sawasawa. Mwenye kuigiza hana likizo. Mimi miaka miwili sikula chakula cha mchana kwa amani. Nilikuwa naangalia ni nani anakuja na karatasi mkononi. Na sikuwa na raha hata na gazeti la Kiswahili, ambalo nalijua, ambalo ni langu.

Nenda Mafia. Usidhani naandika haya ili ubaki. Uzamishe miguu majini, ule pweza, ulale mpaka jua lipande, na usimwonee mtu haya kwa sababu umealikwa.

Vitabu, nenda navyo vyote vitatu kama unataka, sikuzuii. Ni vyako. Zile kurasa ulizoandika upya zitie jikoni mwenyewe, mimi sitachana tena kitu chako. Kisha fungua kimoja, chochote, hata kile chembamba kuliko vyote, uanze mwanzo. Neno usilolijua liulize. Muulize Irene, muulize mama yake, muulize hata mgeni atakayekuja kunywa chai. Mara ya kwanza uso utawaka moto. Wangu uliwaka jana mbele ya watu ishirini, na habari yenyewe iliisha sahani zikiwa bado zina maharage.

Zamu yako ikifika, wasimulie mpaka pale uliposoma. Kama ni ukurasa wa kumi, simulia kumi. Wakikuuliza kinaishaje, waambie hujafika.

Baba yako